Beki Aliyehamishiwa Mbele ya Kipa

Orest Bilak hakuwahi kumaliza kikombe cha kahawa akiwa amekaa. Mama yake, Olha, aliyekuwa akipika kwenye jiko la ukumbi wa barafu wa mji wa Vesna kila siku ya mechi, alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alianza kukimbia kabla hajajua kutambaa vizuri, na kwamba kanisani ilibidi baba yake amshike mkanda wa suruali mpaka padri amalize. Alipoanza kucheza hoki ya barafuni walimweka mbele. Akipata kile kisahani cheusi cha mpira alikwenda nacho kama anayefukuzwa, na akipokonywa alibaki hukohuko, akizunguka nyuma ya goli la watu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa watoto, akamrudisha nyuma.

"Mshambuliaji ana kazi pale kisahani kilipo tu," alimwambia. "Beki ana kazi kila mahali. Wewe ni beki."

Basi akawa beki, na akabaki beki hata baada ya baba yake kufariki, hata baada ya kuoa, hata baada ya kuajiriwa na wilaya kuendesha greda la kusafisha theluji barabarani, kazi iliyomfaa kwa sababu humlipa mtu kwa kwenda na kurudi. Timu ya watu wazima ya Vesna haina mishahara. Ni wakulima wa ngano, mafundi, na mtu mmoja wa benki, wanaokutana usiku na wikendi kupigana vikumbo kwa ajili ya heshima ya mji ambao ukiupita kwa gari huku ukitafuta kitu mfukoni, umeshaukosa.

Sifa ya Orest ilikuwa wingi. Mchezaji wa upande wa pili akicheza rafu, refa humfungia kwenye kibanda cha adhabu kwa dakika mbili, na wenzake, ukiacha kipa, hubaki wanne wakipambana na watano. Dakika hizo kwetu Vesna zinaitwa wingi, na ndizo zinazoamua mechi. Tangu zamani mpango ulikuwa ule ule: washambuliaji watatu karibu na goli, na mabeki wawili juu, kwenye mstari wa buluu, mpaka wa eneo la mashambulizi, wakikizuia kisahani kisitoke na kupiga mashuti ya mbali. Kwa miaka mingi mabeki hao wawili walikuwa Orest na Garnet Sorley. Garnet alimwoa Daria, dada yake Orest, kwa hiyo walikuwa mashemeji nje ya barafu na ndugu juu yake. Kisha bega la Garnet likakataa. Vuli iliyopita mji ukampa ukocha.

Wiki iliyofuata Krismasi ya Januari, ile ya wazee wetu waliofuata kalenda ya kale, Garnet alimkuta Orest jikoni pale ukumbini. Mama Olha alikuwa akikunja perogi mezani, akijaza viazi kwenye unga na kubana kingo kwa vidole. Orest alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake.

"Shemeji," Garnet alianza, "nikikwambia jambo utanimwagia hiyo kahawa?"

"Inategemea jambo."

"Nakutoa kwenye wingi."

Orest alicheka. Ulikuwa utani wao wa kawaida. Halafu akaona mwenzake hacheki.

"Nani anaingia?"

"Keenan."

"Keenan ni mshambuliaji."

"Najua. Travis, aliyechukua nafasi yangu, naye anatoka. Naweka washambuliaji watano."

"Na wakitupokonya, nani atarudi nyuma?"

"Atakayekuwa karibu."

"Garnet. Atakayekuwa karibu ni kipa."

Mama Olha alicheka bila kuinua uso kwenye unga wake.

"Nisikilize," Garnet alisema, akavuta kiti. "Sisi mabeki tukikipata pale juu tunafanya nini? Tunafumba macho tunapiga. Kinamgonga mtu mguuni, kinatoka nje, tunaanza upya. Keenan akikipata anatazama. Anampa mtu. Wale wanne wanalazimika kuogopa watu watano, siyo watatu na mizinga miwili."

"Mimi sifumbi macho."

"Msimu huu umempiga Wade mgongoni mara ngapi?"

Wade alikuwa mshambuliaji wao wenyewe, yule wa kusimama mbele ya kipa wa wapinzani ili kumziba macho.

"Wade ana mgongo mpana," Orest alisema.

"Wade anasema akiona umeinua gongo la kupigia, anasali."

Orest hakumwaga kahawa. Aliiacha dirishani, akatoka nje kwenye baridi bila kofia, akalizunguka jengo zima, akarudi kuulizia kofia yake.

Keenan Moostoos alikuwa fundi seremala kutoka kwa Wakree, wenyeji wa asili wa ng'ambo ya ziwa, kijana mwenye mikono mirefu na maneno machache. Hakuwa na shuti la kutisha. Lakini pale juu ya mstari alikuwa mtulivu kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alikishika kisahani, akatazama kulia, akampa wa kushoto. Mechi ya kwanza ya mpango mpya Vesna walipata wingi mara tatu, wakafunga mara mbili. Iliyofuata wakafunga tena. Watu wakaanza kusimama jukwaani kila refa alipoinua mkono.

Ila Orest alikuwa ameshasimama. Benchi lilimshinda. Wingi ukianza, yeye na Travis walibaki wamekaa huku washambuliaji watano wakicheza, na Travis aliridhika, akanywa maji yake. Orest aliinuka, akapita nyuma ya migongo ya wenzake mpaka mwisho wa benchi, akageuka, akarudi.

"Kaa chini, mzee," mmoja alimwambia. "Unatupigisha upepo."

"Nanyoosha goti."

"Goti gani? Wiki mbili linanyooshwa halinyooki."

Nyumbani hali haikuwa nzuri zaidi. Mkewe, Colleen, alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke asiyeinua sauti kwa sababu siku nzima aliiinulia watoto wa watu. Alimtazama akifungua friji na kuifunga bila kutoa kitu.

"Unataka nini humo?"

"Sijui."

"Basi usiifungue mpaka ujue."

"Colleen, mimi nimeisha?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na hilo lilimuuma Orest kuliko jibu lenyewe. "Hujaisha," alisema. "Ila umezoea kuwa wewe tu. Sasa kaa, ule."

Hakukaa. Alikula amesimama karibu na sinki, kisha akaenda gereji kupanga misumari iliyokuwa imepangika.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na baada ya hapo ligi hairuhusu mtu kuhama timu. Mji wa jirani ni Marlow, watu ambao Vesna haiwapendi kwa sababu ambazo hakuna anayezikumbuka vizuri. Siku moja Orest alikuwa akisafisha barabara ya kuelekea huko. Greda la Vesna linapaswa kugeuka kwenye daraja la mpakani. Yeye hakugeuka. Alisafisha theluji ya Marlow mpaka katikati ya mji wao, akaegesha mbele ya duka la matairi la Hugh Tervit, meneja wa timu yao, akaingia akiwa bado na glavu.

Tervit alimtazama, akalitazama greda dirishani. "Umepotea njia au umeipata?"

"Nilikuwa napita."

"Hakuna anayepita Marlow, bwana. Hakuna kitu mbele huko." Alifuta mikono. "Nimesikia shemeji yako anacheza na washambuliaji watano. Sisi huku mabeki tunawaheshimu. Ukija, utakaa juu wewe na Clayton. Wingi wote ni wenu."

Orest alisema atampa jibu. Njia nzima ya kurudi alijiona yuko juu ya mstari ule, amevaa rangi ya Marlow, anapiga, na jukwaa la Vesna linazomea. Picha hiyo ilimfurahisha, kisha ikamkera, kisha ikamfurahisha tena. Hakumwambia Colleen. Hakumwambia mtu.

Jumamosi walicheza nyumbani na timu ya Pelly Bend. Katika kipindi cha tatu, matokeo yakiwa sare, Vesna walipata wingi. Keenan alikuwa juu na kisahani. Akatazama kulia, akataka kumpa wa kushoto, na mtu wa Pelly Bend akanyoosha gongo akakigusa. Kikateleza nyuma ya Keenan. Beki angekuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume kabla ya hapo, uso kwa adui. Keenan ilibidi ageuke kwanza, na kugeuka kwake kulikuwa kama kwa lori kwenye uchochoro. Yule mtu akaenda peke yake mpaka kwa kipa, akafunga. Vesna wakiwa wengi, wakafungwa.

Watu jukwaani wakaketi. Orest, aliyekuwa amesimama kama kawaida yake, alikunja ngumi na kuipiga kwenye ubao wa mbele, si kwa hasira. Ilikuwa furaha. Ilimtoka kabla hajaijua. Alipoinua macho, Keenan alikuwa anarudi benchini akimtazama usoni.

Keenan aliketi karibu naye, akahema, akasema kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unangoja hilo, mzee."

Vesna wakapoteza mechi kwa goli lile. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alikuwa wa kwanza kutoka, kamba za viatu hazijafungwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda shambani kwa Garnet. Alijiambia anakwenda kumuaga kiungwana, kwamba anahamia Marlow, na kwamba mtu mzima husema jambo kama hilo ana kwa ana. Alimkuta zizini, amepiga magoti kwenye majani makavu nyuma ya ng'ombe aliyekuwa anazaa. Miguu miwili ya ndama ilikuwa imetoka na haisogei. Mkono mmoja wa Garnet ulikuwa kwenye mnyororo wa kuvutia. Ule wa bega bovu ulining'inia tu.

"Mungu amekuleta," Garnet alisema. "Shika hapa. Daria yuko kanisani."

Orest alivua koti, akashika.

"Vuta anaposukuma. Akiacha, acha."

"Najua kuvuta ndama."

"Unajua. Ila huwa hungoji."

Wakavuta. Ng'ombe akapumzika, wakapumzika. Katika mapumziko hayo Orest akaanza. "Jana uliona? Kijana hajui kurudi nyuma. Nilikwambia."

"Niliona. Nilikuona na wewe."

Ng'ombe akasukuma, wakavuta, kichwa kikaanza kuonekana.

"Lile goli ni langu," Garnet aliendelea, akihema. "Ndiyo bei yake. Tumefunga mengi, tumefungwa moja. Nikiweka mabeki wawili sitafungwa hilo moja, ila hayo mengi sitayapata. Nimelala macho wazi nikiyafikiria hayo, usidhani ni wewe tu unayezungukazunguka."

"Weka beki mmoja basi. Mmoja juu, washambuliaji wanne. Kila timu inafanya hivyo."

"Nataka kuweka beki mmoja. Ila si juu."

"Beki anakaa wapi kama si juu?"

"Mbele ya kipa. Mahali pa Wade. Wade mgongo wake umekwisha, na wewe ndiye uliyeumaliza."

Orest aliachia mnyororo. "Pale ni pa mshambuliaji."

"Maisha yako yote umekuwa ukiwafukuza watu pale. Umewasukuma, umewapiga gongo kifundoni refa asipoona. Nani anajua kuliko wewe kinachomuudhi beki, na anapochoka kusukuma? Halafu ukiwa pale, wakitupokonya, angalau mmoja katika watano ana akili ya beki. Vuta, Orest, anasukuma."

Walivuta. Ndama akatoka mwili wote kwa mkupuo, wakaanguka nyuma wote wawili kwenye majani, mguu wa Garnet juu ya tumbo la shemeji yake. Ndama hakupumua. Orest akamwahi, akamsafisha pua kwa vidole, akamsugua kifua kwa majani makavu kwa nguvu, akamsugua, mpaka ndama akakohoa.

Wakakaa wakimtazama akitikisa masikio.

"Ulikuja kuniambia nini?" Garnet aliuliza.

"Nimesahau," Orest alisema.

Hakumpigia Tervit simu, si kumkubalia wala kumkatalia. Mwezi ukaisha. Jumatatu ya mazoezi alimfuata Keenan, aliyekuwa anafunga viatu vyake vya visu vya kutelezea barafuni.

"Jumamosi ile," alisema. "Sikukutendea vizuri."

Keenan aliendelea kufunga kamba. "Nimeshasahau."

"Hujasahau."

"Sijasahau," Keenan alikubali. "Ila nitakupiga shuti la mgongo mara mbili tatu, kisha tutaona."

Na kweli alimpiga. Wade, aliyekuwa ametulizwa benchini, alitazama kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Mahali pale mbele ya kipa ni pabaya kwa mtu wa aina ya Orest. Kazi yake ni kusimama. Unampa kipa mgongo ili asione, unapokea visukumo na viwiko kutoka nyuma, kisahani kinazungushwa na wengine, na wewe husogei. Ukisogea hatua moja kipa anaona kila kitu. Mazoezini Garnet alikuwa akipaza sauti ile ile moja, "Simama," mpaka watoto waliokuja kuchukua zamu ya barafu wakaanza kumwigiza.

Nusu fainali, ya mechi kadhaa mfululizo, ikawapeleka kwa Marlow. Clayton, beki wao mkubwa mwenye ndevu nyekundu, alimkuta Orest pale mbele ya kipa wao na kumwekea gongo mbavuni.

"Umepotea, babu? Mahali pako ni kule juu."

"Nimehamishwa."

"Ungekuja kwetu usingehamishwa."

"Nisukume, Clayton, acha hadithi."

Alisukumwa. Usiku ule alirudi nyumbani na michubuko ambayo Colleen aliipaka dawa akitikisa kichwa. Lakini kwenye mechi ya pili shuti dogo la Keenan, halikuwa hata la nguvu, lilimgonga pajani likaingia, na kipa wa Marlow hakujua kama ni goli mpaka aliposikia ukumbi. Hakuna aliyejua namna ya kumpongeza mtu kwa kugongwa. Mama Olha alimtumia sahani ya perogi kwenye chumba cha nguo, na vitunguu vya kukaanga juu.

Mechi ya mwisho, iliyokuwa ya kuamua, ilichezwa Vesna Jumapili alasiri. Sare. Zikiwa zimebaki dakika chache, Clayton alimwangusha mtu, akapelekwa kibandani, na watu wakasimama. Washambuliaji wanne na Orest wakaingia.

Kisahani kilizunguka. Kulia, kushoto, juu kwa Keenan. Orest alikuwa pale pake, kipa nyuma yake akilalamika kwamba haoni. Akamwona mshambuliaji mmoja wa Marlow ameanza kunyemelea upande wa Keenan, ameshusha gongo, uzito wote kwenye mguu wa mbele. Alijua mtu huyo anataka nini kama anavyojua tumbo lake mwenyewe. Miguu yake ikaondoka. Hakuiamuru. Aliacha goli akaanza kurudi kwa kasi katikati ya uwanja, huku kisahani kikiwa bado kwenye gongo la Keenan.

Keenan aliinua kichwa apige, akaona mbele ya kipa hakuna mtu. Kipa anamtazama macho kwa macho. Akasita. Katika kusita huko yule wa Marlow akafika, akakipokonya, akaondoka nacho.

Lakini Orest alikuwa ameshamtangulia. Alimkuta karibu na goli la Vesna, akageuka, akarudi kinyumenyume, uso kwa adui, gongo limenyooshwa, akambana upande, upande, mpaka pembe ikaisha na shuti likapiga wavu wa nje. Ukumbi ulitoa sauti moja kubwa ya pumzi. Dakika za wingi zikaisha bila goli.

Kwenye muda wa nyongeza Marlow walifunga. Lilikuwa goli lisilo na maana, kisahani kiligonga kiatu cha mtu wao na kiatu cha mtu wetu, kikaingia polepole kama kinaona aibu. Msimu ukaisha hapo.

Wakapanga mstari kupeana mikono. Clayton alipofika kwa Orest alimshika mkono muda kidogo. "Ile ya kurudi ilikuwa nzuri."

"Nyinyi mmepita. Nenda kashangilie."

"Na ile siku nilikudanganya: ungekuja kwetu usingekaa juu hata hivyo. Kocha ametutoa mabeki wote kwenye wingi tangu Februari. Mimi nakaa benchini kama mzigo."

Orest alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Chumba kilipobaki na watu wachache, Garnet alikaa mbele yake. Keenan alikuwa anakata plasta ya mguuni kando yao.

"Ungebaki pale," Garnet alisema taratibu, "Keenan angepiga. Kipa alikuwa haoni kitu. Tungeshinda."

"Nisingerudi, yule angefunga. Tungekufa palepale."

"Asingekipata. Amekipata kwa sababu ulitoka."

"Alikuwa anakuja hata kabla sijatoka. Ulimwona mguu wake?"

"Nilimwona. Keenan, wewe ulimwona?"

Keenan aliinua mabega. "Mimi niliona goli halina mtu. Nikashangaa mzee kaenda wapi."

"Umeona?" Garnet alisema.

"Umeona nini? Amesema hakumwona mtu anayekuja. Mimi ndiye niliyemwona. Si ndiyo sababu ulitaka beki kati ya watano?"

Garnet alikuna lile bega bovu. "Kesho njoo shambani," alisema hatimaye. "Kuna ng'ombe wengine wawili wanaokaribia kuzaa."

"Nitakuja nikimaliza barabara."

Nje theluji ilikuwa imeanza tena, nyembamba, ikipeperushwa kwa ubavu. Colleen alikuwa amewasha pikapu na kuligeuza lielekee barabarani. Keenan alikuwa kwenye ngazi, begi begani, gari lake haliwaki kwa baridi.

"Panda," Orest alimwambia. "Tunakupeleka."

"Ni ng'ambo ya ziwa, mzee. Ni mbali."

"Panda tu. Njiani utanieleza mwenyewe ulikuwa unataka kupiga upande gani."

Keenan akapanda katikati, begi magotini, na kabla pikapu halijafika barabara kuu walikuwa wameshaanza kubishana, na Colleen akaongeza joto la gari akawaacha waendelee.